Kijana Aliyepiga 999 Akiwa Wodini

Mwezi Aprili 2019, kijana wa miaka 21 aliyelazwa katika hospitali moja ya kaskazini mwa London alichukua simu yake akapiga 999. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Alikuwa ameomba oksijeni asipewe, akaona njia iliyobaki ni kuwaita watu wa dharura wamfuate kitandani. Hakutoka hai. Uchunguzi wa kifo chake, mwaka 2021, ulieleza kwamba wahudumu hawakutambua uzito wa dalili zake na kwamba tiba ya kubadilishwa damu ilichelewa.

Wengi wetu chamani tunaujua ugonjwa huu kwa jina la siko seli, na hatukuusoma vitabuni. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye selimundu. Uingereza nzima wagonjwa hawafiki 20,000, na wengi wao wana asili ya Afrika na Karibi. Ndiyo kusema hapa ni ugonjwa wa wachache, na wachache hao ni weusi. Daktari kijana anaweza kufanya kazi miaka kadhaa katika mji mdogo asikutane na mgonjwa hata mmoja. Katika nchi ya namna hiyo, nani atamkumbusha waziri kwamba watu hawa wapo?

Jibu, kwa sehemu kubwa, ni Sickle Cell Society, chama cha kitaifa kilichoanzishwa mwaka 1979 na wagonjwa, wazazi na wahudumu wa afya. Mwaka huo huo muuguzi Elizabeth Anionwu, ambaye baba yake alikuwa Mnigeria na mama yake Muairishi, alishiriki kufungua kituo cha kwanza cha ushauri wa selimundu nchini, huko Brent. Hoja iliyokuwa ikirudiwa siku hizo ilikuwa rahisi na kali: tangu mwisho wa miaka ya 1960 watoto wachanga wa Uingereza walikuwa wakitobolewa kisigino kupimwa phenylketonuria, ugonjwa unaompata mtoto mmoja kati ya 10,000 hivi, lakini tone hilo hilo la damu halikupimwa selimundu. Haikuwa shida ya sindano wala maabara. Serikali iliahidi upimaji huo kwa England nzima katika mpango wa NHS wa mwaka 2000, yaani miaka zaidi ya 20 baada ya chama kuanza kupiga kelele. Leo kila mtoto anayezaliwa hapa hutolewa tone lile, awe wa kwetu au wa kwao.

Baada ya kifo cha kijana yule, chama kilifanya jambo ambalo naona ndilo ufundi halisi wa kazi hii. Bungeni Westminster kuna vikundi vya wabunge wa vyama vyote vinavyoshughulikia jambo moja moja. Havina mamlaka ya kutunga sheria wala kumwamuru mtu. Lakini vinaweza kuita mashahidi na kutoa ripoti, na ripoti yenye majina ya wabunge haitupwi kapuni kirahisi. Kikundi cha selimundu na thalasemia, wakati huo kikiongozwa na mbunge Pat McFadden, kilishirikiana na chama kukusanya ushahidi wa wagonjwa wenyewe, na Novemba 2021 kikatoa ripoti ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Hakuna Anayetusikiliza”.

Wagonjwa walieleza kwamba wanaogopa kwenda hospitali. Walieleza kufika idara ya dharura wakiwa wamejikunja kwa maumivu, kisha wakatazamwa kama walevi wa dawa wanaotafuta morfini. Mwongozo wa taifa unasema mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Dada mmoja wa hapa chamani aliniambia aliwahi kuukariri mwongozo huo mbele ya dirisha la mapokezi, akaambiwa akae asubiri zamu yake. Ripoti ililiita tatizo kwa jina lake, ubaguzi wa rangi, pamoja na uhaba wa mafunzo. Mwaka uliofuata NHS ilianzisha kampeni ya kuwafundisha wahudumu na umma dalili za hatari za ugonjwa huu. Je, kampeni inatosha? Mimi nina shaka. Mwongozo wa dakika 30 ulikuwepo tangu 2012.

Mahali pengine ambapo chama hukaa mezani ni NICE, taasisi inayoamua dawa zipi zilipiwe na NHS. Watu hudhani mle ndani ni madaktari na wahasibu tu. Sivyo. Vyama vya wagonjwa hualikwa kuandika ushahidi, na mgonjwa mmoja au wawili huketi na kamati wakaulizwa maswali: maumivu yanakuzuia nini? Unapoteza siku ngapi za kazi? Mahesabu ya wachumi hayawezi kujibu hayo. Mwaka 2021 NICE ilikubali crizanlizumab, dawa mpya ya kwanza ya selimundu kwa zaidi ya miaka 20, huku ikisema wazi kwamba imezingatia jinsi wagonjwa hawa walivyoachwa nyuma.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Januari 2024 kibali cha dawa hiyo kilifutwa, kwa sababu jaribio kubwa zaidi lilionyesha haizidi dawa ya bandia. Septemba mwaka huo kampuni ya Pfizer nayo ikaondoa voxelotor duniani kote, miezi michache tu baada ya NICE kuikubali. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba sauti za wagonjwa huleta huruma mahali panapohitaji sayansi. Sikubaliani nao. Mgonjwa hakuitwa kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi; hiyo ni kazi ya majaribio, na ni majaribio yaliyokosa. Yeye aliitwa kueleza uzito wa mzigo, na mzigo haukupungua dawa ilipoondolewa. Ninachokubali ni kwamba vyama vingi vya wagonjwa nchini humu hupokea fedha kutoka kampuni za dawa, na ingawa hutakiwa kutangazwa, msomaji ana haki ya kuuliza kila mara nani kalipia kiti.

Kisha ikaja tiba ya jeni, ile ya kurekebisha seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Uingereza ilikuwa ya kwanza duniani kuiidhinisha, Novemba 2023. Bei yake ya orodha ni pauni milioni 1.65 kwa mtu mmoja. Machi 2024 rasimu ya NICE ilikataa kuipendekeza. Chama na wagonjwa walirudi kamatini, hoja zikapimwa upya, na Januari 2025 ikakubaliwa kwa masharti, kwa watu 50 hivi kwa mwaka.

Cha ajabu, chama hicho hicho kilichosaidia kufungua mlango wa tiba ya mamilioni bado kinagonga mlango wa pauni 9.90. Hiyo ndiyo ada ya kila dawa anayoandikiwa mtu mzima England. Orodha ya magonjwa yanayosamehewa ada ilitungwa mwaka 1968. Saratani iliongezwa 2009, selimundu haimo. Scotland na Wales hakuna anayelipa.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wagonjwa wengi huhitaji damu ya aina ndogo iitwayo Ro, ambayo zaidi ya nusu ya watu weusi wanayo lakini ni asilimia 2 hivi tu ya wachangiaji. Aliyewahi kuishi nchi zenye malaria hupimwa kingamwili kwanza, kwa hiyo asijikatie tamaa mlangoni. Na NICE inapotoa rasimu, mtu yeyote anaweza kutuma maoni kabla ya siku ya mwisho. Wapo mama zetu hapa mjini wanaowalea watoto wenye selimundu, nao wangeandika mengi wakipewa Kiswahili. Nimemwomba katibu aliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao: nani yuko tayari kutafsiri?