Msalaba mudogo, waya ya motere na ndimu moja

LUBUMBASHI. Kwenye meza ya Mama fundi, kule Katuba, hakuna kitabu cha modeli wala picha za bijuu za Dubai. Kuko waya ya shaba, vipande vya malakiti vimelala mu sahani ya maji (anavikata vikiwa na maji, sababu vumbi yake ni mbaya kwa mapafu), na daftari moja ya masomo. Mu ile daftari aliandika mambo yote yaliyomupa mawazo mwaka uliopita. Tulimuomba atufungulie.

Ya kwanza ni msalaba wa Katanga. Kila mutu hapa anaujua, iko mitatu mu bendera ya 1960. Lakini yeye hakupenda ile mikubwa. Mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuaji waliofika 1957 walikuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana, alama kwamba watu walikuwa wanaihesabu kama franga. “Sasa ni feza ya kuvaa mu masikio,” anasema na kucheka. Herini zake za mwaka jana hazipiti ukucha.

Kisha lukasa, kile kibao cha Baluba chenye ushanga, ambacho wenye kujua walikuwa wanasoma kwa vidole ili kusimulia habari za wafalme. Kuiga kibao chenyewe alikataa, si kitu ya kutundika mu shingo. Alichukua wazo tu: muteja anamutajia watoto wake, naye anapanga ushanga mmoja kwa kila jina.

Kuhusu liputa ameandika mistari miwili. Tupite, kila mutu anafanya hivyo.

Waya ndiyo ilimusumbua. Vijana walimuletea kabo usiku, bei ya chini. Aliuliza inatoka wapi, wakanyamaza. Akawarudisha nayo, mu mji huu tunajua nani anabakia mu giza kabo ikikatwa. Kesho yake akaenda kwa fundi wa kufunga motere, akanunua waya nyembamba za motere zilizoungua. Inabidi kutoa ile verni kwanza, ni kazi ya kuchosha. Lakini kwa kuangalia yule baba akizungusha waya, pole pole, bila kuacha nafasi, alikumbuka bikomo za zamani: wafua shaba wa Bayeke, kule Bunkeya kwa M’siri, walikuwa wanavuta shaba mu matundu ya chuma mpaka inakuwa waya, halafu wanaizungusha. Bikomo tano za namna hiyo ziliuzika mbele ya Noeli.

Ukurasa wa mwisho umeandikwa neno moja: ndimu. Siku ya Alhamisi muteja alirudi na mukufu wa ndoa ya binti yake, ndoa ni Jumamosi.

“Mama, nilisafisha tu na ndimu na chumvi, njo tunasafishaka shaba. Sasa ona, mawe imekufa.”

Kweli shaba ilikuwa inangaa. Lakini malakiti nayo iko na shaba ndani, pamoja na kaboni, na ni laini, kisu kinaikwaruza; asidi ya ndimu inakula uso wake. “Kosa ni yangu, sikumwambia,” anasema Mama fundi. Alikata waya yote, akasugua mawe saba upya, akalala saa kumi ya asubuhi, na hakuomba hata franga moja.

Tangu siku ile hafungi tena jiwe ndani ya waya. Kila malakiti inaning’inia kwa kulabu ndogo. Unaitoa, unasafisha shaba yako na ndimu, unairudisha. Wateja wanapenda sana, sababu nyingine kabisa: wanabadilisha mawe kufuatana na liputa ya siku.