Kuhamisha Maktaba ya Muziki Kwenda Kompyuta Mpya

Maktaba ya muziki ya kidijitali ina sehemu mbili, na sehemu hizo hazikai mahali pamoja. Ya kwanza ni mafaili ya sauti. Ya pili ni habari za sauti hizo: nani anaimba, wapi, mwaka gani, wimbo umo kwenye albamu ipi, unapigwa baada ya upi. Baadhi ya habari hizo zimeandikwa ndani ya faili lenyewe, baadhi zinaonekana kwenye jina la folda tu, na nyingine zimo katika hifadhidata ya programu ya kupigia muziki, mahali ambapo mwenye kompyuta huenda hajawahi kupafungua. Anayenakili folda ya nyimbo kwenye flashi na kuimimina kwenye kompyuta mpya amehamisha sehemu ya kwanza. Ya pili huhama nusunusu au haihami kabisa, na upungufu hugundulika kompyuta ya zamani ikiwa imeshauzwa.

Kwa nyimbo za biashara hasara hiyo si kubwa, kwa kuwa wimbo wa Bongo Fleva uliopotea jina hutafutwa mtandaoni ukapatikana upya. Hali ni tofauti Ikolo, kata ya wilaya ya Kyela katika tambarare inayopakana na Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kimoravian na Walutheri wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na kuimba kwaya kumekuwa sehemu ya maisha ya huku kwa vizazi kadhaa. Kompyuta ya mpiga muziki wa harusi au ya mtunza vyombo vya usharika huwa na nyimbo za kwaya zilizorekodiwa mara moja studio, kaseti za zamani zilizogeuzwa kuwa mafaili, na ngoma ya mang'oma iliyonaswa kwa simu uwanjani. Rekodi za aina hii aghalabu hazimo katika huduma yoyote ya muziki ya mtandaoni. Faili likipotea hakuna pa kulipakua, na jina la kwaya likipotea hubaki sauti ya watu wasiojulikana.

Thamani ya habari hizo inaonekana vizuri katika kazi ya Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika, Tanganyika mojawapo, akirekodi muziki wa wenyeji. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake wa santuri zaidi ya 200 unatumika hadi sasa kwa sababu rekodi zake zilikwenda na maelezo ya wapigaji, lugha, mahali na aina ya wimbo. Santuri hizo bila maelezo hayo zingekuwa sauti nzuri zisizoweza kurudishwa kwa wajukuu wa walioimba. Mwenye laptopu Ikolo anashika jukumu la namna hiyohiyo kwa kijiji chake.

Kazi ya kuhama basi huanza kwenye kompyuta ya zamani, na huanza na lebo. Katika faili la MP3 lebo ni maandishi yaliyofichwa ndani ya faili, ambayo programu huyasoma ili kuonyesha jina la wimbo na mwimbaji. Mfumo wa kwanza wa lebo hizo, ID3, ulitokea mwaka 1996. Ulichukua baiti 128 mwishoni mwa faili, na jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu kila moja lilipewa nafasi ya herufi 30, nafasi tupu kati ya maneno zikihesabiwa humo. Kwa waimbaji wengi herufi 30 zinatosha. Kwa kwaya za Tanzania hazitoshi hata kidogo. Jina linaloanza na "Kwaya ya Uinjilisti Usharika wa" lina herufi 31 kabla jina la usharika halijaanza, kwa hiyo kinachokatwa ndicho hasa kinachotofautisha kwaya moja na nyingine. Kwaya za Ikolo, Matema na Ipinda zote zinageuka kuwa kwaya moja. Toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, liliondoa kikomo hicho na kuruhusu hata picha ya jalada, lakini mafaili mengi ya zamani bado yana lebo ya kwanza peke yake, na programu isiyokuta nyingine husoma hiyohiyo iliyokatika.

Kuna mafaili yasiyo na lebo kabisa. Sauti iliyopokelewa kwa WhatsApp kwenye simu ya Android hupewa jina kama AUD-20210411-WA0003, yaani tarehe ya kupokelewa na namba ya mfululizo. Nyimbo zilizopakuliwa kwenye tovuti za bure nazo huwa na jina la tovuti mahali pa jina la albamu. Yote haya hurekebishwa kwa programu ya kuhariri lebo kama Mp3tag, ambayo ni ya bure kwenye Windows na inaweza kurekebisha mafaili mengi kwa mkupuo mmoja. Zipo pia programu zinazosikiliza wimbo, kuulinganisha na kumbukumbu za mtandaoni na kuandika lebo zenyewe. MusicBrainz Picard ni mojawapo. Hizo zifanye kazi kwenye nyimbo za biashara, na folda ya kwaya zisiiguse. Wimbo ambao haumo katika kumbukumbu zao ama utaachwa ulivyo ama, vibaya zaidi, utabandikwa jina la mtu mwingine. Jina la kwaya ya kijijini linajulikana na wanakwaya, na njia ya kulipata ni kukaa na mwalimu wa kwaya, wimbo mmoja baada ya mwingine, angali anakumbuka.

Tarehe inahitaji uangalifu wa pekee. Windows inaponakili faili, tarehe ya kubadilishwa kwake hubaki ileile, lakini tarehe ya kuundwa huwa ile ya siku ya kunakili. Aliyezoea kupanga nyimbo kwa kuangalia ziliingia lini atakuta zote zimeingia siku moja. Ikiwa tarehe hiyo ndiyo ushahidi pekee wa mwaka wa kurekodi, iandikwe kwenye lebo kabla ya kuhama.

Baada ya lebo kuna anwani. Orodha ya nyimbo haina nyimbo ndani yake; ina anwani za mahali nyimbo zilipo, kwa mfano D:\Muziki\Kwaya\01.mp3. Kwenye kompyuta mpya diski ileile inaweza kuitwa E, au jina la mtumiaji likawa jingine, na hapo orodha nzima hufunguka ikiwa tupu ingawa kila wimbo upo. Dawa nyepesi ni kuipa diski mpya herufi ya zamani na kuweka folda kwa majina yaleyale. Orodha za aina ya M3U ni maandishi matupu, kwa hiyo zinaweza kufunguliwa kwa Notepad na anwani zote zikabadilishwa mara moja. Zikihifadhiwa kwa aina ya M3U8, hata herufi zisizo za kawaida husomeka sawasawa kwenye mashine nyingine.

Programu kubwa zina hifadhidata zao, na kila moja ina tabia yake. iTunes ina amri ya kukusanya mafaili yote katika folda moja. Folda hiyo ya iTunes hunakiliwa nzima pamoja na faili lake la maktaba, kisha kwenye kompyuta mpya programu hufunguliwa huku kitufe cha Shift kikiwa kimebanwa ili ionyeshwe maktaba ilipo. VirtualDJ, inayopendwa sana na maDJ wa Tanzania, huweka hifadhidata kwenye kila diski yenye muziki. DJ anayetunza nyimbo zake kwenye diski ya nje kwa hiyo huhama na alama alizoziweka kwenye nyimbo bila kujua, ilhali anayezitunza ndani ya laptopu hana budi kutumia amri ya programu ya kutengeneza nakala ya hifadhidata. Serato nayo ina folda iitwayo _Serato_ ambayo lazima ifuatane na nyimbo. Kwa vyovyote, programu iwekwe kwenye kompyuta mpya kwanza, hifadhidata irudishwe, na ndipo muziki upigwe. Programu ikiachwa ikusanye nyimbo upya peke yake, itaanza kuhesabu kana kwamba nyimbo hizo hazijawahi kupigwa.

Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya Boomplay, Spotify au Apple Music kwa malipo ya mwezi hazihamishiki kwa kunakiliwa. Mteja huingia kwenye akaunti yake katika mashine mpya na kuzipakua tena.

Ukubwa wa mzigo hukadiriwa kwa hesabu fupi. Sauti ya CD huchukua takriban MB 10.6 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu MB 1, na ile ya kilobiti 320 huchukua MB 2.4. Nyimbo 10,000 za dakika tano tano kwa kiwango hicho cha juu ni GB 120. Kupitia diski ya nje na tundu la USB 2.0, linalopitisha kama MB 30 kwa sekunde, kazi hiyo ni ya saa moja na dakika chache. Flashi ya bei nafuu inayoandika MB 10 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa tatu. Kupandisha mzigo huohuo mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kungechukua saa 53 mfululizo, bila kutaja gharama ya bando, na ndiyo maana diski ya nje inabaki kuwa njia ya busara kwa wilaya kama Kyela.

Diski hiyo ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, unaosomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, na video ya tamasha la kwaya la kutwa hupita hapo kwa urahisi. Flashi mpya zinazouzwa rahisi kupita kiasi nazo zipimwe kabla ya kuaminiwa, kwa kuwa zipo zinazojitangaza kuwa na GB 512 wakati nafasi halisi haifiki hata robo. Flashi ya namna hiyo hupokea mafaili yote bila kulalamika, na yaliyozidi nafasi huwa yamekwenda na maji. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, na uongo hudhihirika.

Wakati wa kunakili, amri ni ya kunakili, kamwe si ya kukata na kubandika, maana umeme ukikatika katikati ya kukata haijulikani ulikofikia. Betri ya laptopu iwe imejaa, na diski itolewe kwa utaratibu, isichomolewe tu. Kwenye Windows ipo amri ya robocopy, ambayo ikikatizwa na kuanzishwa tena huruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Ikiwa flashi iliyotoka kwa rafiki inaonyesha folda zimegeuka kuwa vialama vidogo vya mshale, hiyo ni kazi ya virusi vinavyoficha folda. Nyimbo kwa kawaida bado zimo. Isifomatiwe kwa haraka. Isafishwe kwa antivirusi, kisha folda zitolewe mafichoni kwa amri ya attrib.

Kufika kwa mafaili bado si ushahidi kwamba yamefika mazima. Kipimo cha kwanza ni idadi ya mafaili na jumla ya baiti kwenye pande zote mbili. Vikitofautiana, kuna kilichobaki. Kipimo cha uhakika ni alama ya hesabu, kama SHA-256, ambayo hukokotolewa kutoka kwenye kila baiti ya faili: herufi moja ikibadilika, alama nzima hubadilika. Programu ya TeraCopy inaweza kufanya ulinganisho wa aina hiyo yenyewe baada ya kunakili. Mafaili ya FLAC hubeba alama ya namna hii ndani yake na yanaweza kujipima hata miaka mingi baadaye. MP3 hazina kinga hiyo kwa faili zima, na hili ni jambo la kuzingatiwa na usharika unaochagua aina ya faili la kutunzia kaseti zake: FLAC iwe ya kutunza, MP3 iwe ya kugawa.

Nakala moja kwenye kompyuta mpya haitoshi. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka hushusha maji yake kwenye tambarare hiyo. Mafuriko ya masika huingia nyumbani bila kuchagua, na unyevu huotesha ukungu kwenye kaseti. Nakala ya pili ikae kwenye diski isiyochomekwa kila siku, ndani ya chombo kisichopitisha maji. Ya tatu ikae juu mlimani, kwa ndugu Tukuyu au Mbeya, ambako mafuriko ya ziwani hayafiki. Diski hizo zichomekwe na kusomwa angalau mara moja kwa mwaka, hasa zikiwa flashi, kwa sababu chaji inayoshikilia data ndani yake hupungua zikikaa miaka bila umeme.

Kompyuta ya zamani ibaki bila kufutwa kwa mwezi mmoja au miwili ya matumizi ya kawaida: harusi kadhaa, ibada kadhaa. Orodha iliyopungua au wimbo unaokatika katikati huonekana katika matumizi kuliko katika ukaguzi. Kabla ya kuiuza, akaunti za muziki zifungwe ndani yake, na diski ifutwe kwa njia inayoandika upya juu ya data, kwa sababu kufuta kwa kawaida huondoa anwani tu na mafaili yenyewe yanaweza kufufuliwa na mnunuzi.