Kisu cha Bowie: Uimara hautokani na kung'aa

WAHENGA walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hata hivyo, kisu kilichotiwa ugumu kupita kiasi ili kiwe kikali huweza kuvunjika mkononi mwa mwenyewe kabla nyama haijakatwa. Hilo ndilo tatizo ambalo wahunzi wa Marekani wamekabiliana nalo kwa karibu karne mbili katika kuunda kisu kikubwa kiitwacho Bowie.

Jina hilo latokana na James Bowie. Mnamo Septemba 19, 1827, alijeruhiwa vibaya katika ugomvi uliozuka kwenye fungu la mchanga la mto Mississippi, karibu na mji wa Natchez, lakini akamuua mmoja wa mahasimu wake kwa kisu kikubwa. Magazeti yalizieneza habari hizo. Bowie aliuawa katika vita vya Alamo, Texas, Machi 6, 1836, lakini sifa za kisu chake ziliendelea kuvuma hata viwanda vya Sheffield, Uingereza, vikawa vinatengeneza visu vya jina hilo kwa soko la Marekani.

Mwaka 1838, ndugu yake, Rezin Bowie, alieleza kuwa kisu cha kwanza kilikuwa cha uwindaji. Bapa lake lilikuwa na urefu wa inchi tisa na robo na upana wa inchi moja na nusu, lenye makali upande mmoja na lisilopinda. Umbo linalojulikana zaidi leo, ambalo mgongo wake umekatwa kama mbonyeo karibu na ncha, lilitokana na mafundi waliofuata.

Mkato huo si pambo. Huishusha ncha hadi usawa wa katikati ya bapa, ili nguvu ya mkono ielekee pale jicho linapolenga. Aidha, hupunguza uzito wa mbele. Kwa sababu iyo hiyo, fundi stadi huuacha mgongo ukiwa mnene karibu na mpini, kisha akaupunguza unene hatua kwa hatua kuelekea ncha. Kisu kisichopunguzwa hivyo huelemea mbele na kuchosha kifundo cha mkono. Kati ya bapa na mpini huwekwa kipande cha shaba au chuma, ili vidole visiteleze na kufikia makali.

Kuhusu malighafi, wahunzi wengi wanaofuata mtindo wa jadi hupendelea feleji yenye kaboni kuliko chuma kisichoshika kutu, kwani hufulika vyema kwa nyundo na hunoleka kwa urahisi. Aina moja mashuhuri, iitwayo 5160, ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo, na hutumiwa pia kutengenezea springi za magari. Feleji ya springi hustahimili kupindwa na kurudi ilivyokuwa. Ndiposa hata mafundi wetu wa jua kali hugeuza springi kuukuu za malori kuwa mapanga. Udhaifu wa feleji hizi ni kutu, hivyo mwenye kisu sharti akikaushe na kukipaka mafuta.

Lakini chuma kizuri si kitu bila moto uliopimwa. Mhunzi hukipasha joto hadi kipite nyuzi 770 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho sumaku huacha kukinasa, kisha hukizamisha katika mafuta. Hapo huwa kigumu mno, lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hivyo hukipasha tena, safari hii kwa nyuzi 200 hivi, ili kulegeza ugumu huo kidogo. Wengine huzamisha upande wa makali pekee, ili makali yawe magumu nao mgongo ubaki mlaini wa kustahimili kishindo.

Mpini nao una mambo yake. Zamani pembe za ndovu zilipendwa kwa visu vya fahari. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, mwaka uo huo ambao Kenya iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi. Leo wahunzi hutumia pembe za kulungu, mbao za mti wa jozi na hata mpingo kutoka Afrika Mashariki, mti mzito usiopasuka kwa urahisi ukikaushwa vyema.

Je, mnunuzi atajuaje kisu bora? Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, kina mtihani mkali kwa wanachama wake. Kisu hukata kwa pigo moja kamba inayoning'inia yenye unene wa inchi moja, kisha hukata mara mbili mbao ya inchi mbili kwa nne. Baada ya hapo lazima bado kiweze kunyoa nywele za mkono. Mwishowe bapa hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kukatika.

Katika mtihani huo, kung'aa kwa bapa hakuwezi kuokoa kisu kilichochomwa vibaya. Anayenunua kisu, kiwe Bowie au panga la shambani, na amuulize fundi ametumia chuma gani na amekichoma vipi. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.