Unga wa Mitishamba Unaweza Kuyeyusha Fibroidi?

Msomaji wetu wa Morogoro ameleta swali ambalo wanawake wengi huliuliza pembeni. Altrasaundi imeonyesha ana fibroidi mbili kwenye kizazi. Hedhi yake ni nzito, inapita wiki nzima. Jirani amemletea kopo la unga wa mitishamba unaosifiwa kwamba unatuliza maumivu ya hedhi na kuyeyusha uvimbe. Je, autumie?

Kopo hilo lina ahadi mbili, na kila moja inastahili jibu lake. Kutuliza maumivu ya hedhi ni jambo moja. Kuyeyusha uvimbe ni jambo jingine kabisa, na ndilo nitakaloanza nalo.

Kwamba fibroidi si saratani, na kwamba ni za kawaida mno, hayo yameandikwa vya kutosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wamezipata wakifika miaka 50. Kinachonivutia mimi ni kilichomo ndani ya uvimbe wenyewe.

Daktari wa upasuaji akiipasua fibroidi katikati, haimwagi usaha wala maji. Kisu kinakwama kidogo. Ndani ni nyeupe, ngumu kama mpira, na imejaa mistari iliyojiviringa. Mistari hiyo ni seli za msuli pamoja na nyuzi tele za kolajeni, protini ileile inayokaza ngozi na mishipa ya kano. Kila fibroidi huanzia kwenye seli moja tu ya msuli wa kizazi. Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki walionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya fibroidi walizozichunguza zilikuwa na hitilafu katika jeni moja iitwayo MED12. Seli hiyo huchochewa na homoni za estrojeni na projesteroni, hugawanyika, na kila seli inayozaliwa nayo huzidi kumwaga nyuzi.

 

Sasa njoo kwenye maajabu yenyewe. Nenda Jambiani au Paje, Unguja, umtazame mwanamke anayesokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi yamefukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, yamefukuliwa, yamepondwa hadi zimebaki nyuzi. Anazisokota viganjani, na mkono wake hausubiri jicho: kamba ikilegea anaongeza usumba, ikikaza sawasawa anajua imetosha. Seli ya msuli hufanya kazi hiyohiyo. Inatoa kolajeni, inaishika kwa vishikizo vilivyo kwenye ngozi yake viitwavyo integrini, kisha inavuta. Mvuto huo ndio unaoipa habari. Katika kizazi chenye afya nyuzi zimelala kwa mpangilio, zinagawana mzigo, na seli inapumzika. Katika fibroidi, darubini zinaonyesha nyuzi fupi zilizotupwa kila upande. Msokotaji huyu anavuta, anakuta ugumu, na ndani yake ugumu unasomeka kama agizo la kuongeza kazi. Anasokota tena. Kamba inazidi kuwa ngumu, agizo linazidi kuwa kali, naye anazidi kusokota. Ugumu unazaa ugumu.

Hapo ndipo utaona kwa nini dawa za hospitali zenyewe hazimalizi kazi. Sindano zinazozima homoni za ovari hupunguza fibroidi kwa theluthi hadi nusu kwa miezi michache. Zikiachwa, uvimbe hurudi. Msokotaji alilazwa usingizi, lakini mlima wa kamba haukuondoka.

Je, kamba hizo hazikatiki? Zinakatika, na mwili unajua namna yake. Baada ya kujifungua, kizazi chenye uzito wa takriban kilo 1 hushuka hadi chini ya gramu 100 kwa wiki sita hivi, kwa sehemu kwa sababu kizazi chenyewe hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Watafiti wa Marekani wamekwenda mbali zaidi: wamedunga kimeng'enya cha bakteria, kolajenesi, ndani ya fibroidi zenyewe, na nyuzi zikapungua. Angalia kwamba ilibidi kifikishwe kwa sindano hadi ndani ya uvimbe. Kimeng'enya ni protini; ukikimeza, tumbo litakisaga kama linavyosaga maharage. Hakuna unga wa kunywa uliothibitishwa kuifanya kazi hiyo.

Mitishamba ina nini basi? Jaribio la kuvutia zaidi lilifanyika Misri na kuchapishwa mwaka 2013. Wanawake 33 walilikamilisha. Waliopewa miligramu 800 za dondoo ya chai ya kijani kila siku kwa miezi minne, fibroidi zao zilipungua kwa wastani wa asilimia 32.6, huku za waliopewa dawa bandia zikikua. Ni jaribio dogo, na dondoo kali ya chai ya kijani imewahi kudhuru ini. Tangawizi nayo hupunguza prostaglandini, kemikali zinazokaza kizazi wakati wa hedhi, na majaribio kadhaa yanaonyesha inatuliza maumivu, ingawa wengi walioshiriki hawakuwa na fibroidi. Mimea inayouzwa kwa kurekebisha homoni, kama soya na klova nyekundu, ina molekuli zinazofanana na estrojeni, homoni ileile inayochochea fibroidi. Dong quai, mzizi wa Kichina, unaweza kuzidisha kutokwa na damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kwa hiyo, dada yangu wa Morogoro, chai ya tangawizi kunywa. Kopo lisiloandikwa kilichomo, liache. Kinachokudhuru kwanza kwa hedhi nzito ni upungufu wa damu, si uvimbe wenyewe. Nenda kapime wingi wa damu: kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita ni upungufu. Kula dagaa, maini na mchicha, na chai ya majani usiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kuna vidonge vya kupunguza damu ya hedhi, na kuna upasuaji unaotoa uvimbe na kukiacha kizazi. Ukienda kwa daktari beba na hilo kopo, umwonyeshe, wala usione haya.