Bwana Afya Akibisha Hodi

Bwana afya akionekana mtaani kwetu Kariakoo, habari zake humtangulia. Mwenye nyumba hufunga mlango wa uani, mpangaji naye husukuma ndoo uvunguni. Wengi humwogopa kwa sababu ya faini. Leo tumfuate ndani, tuone anatafuta nini.

Tuchukue nyumba ya Kiswahili, kama zile zilizobaki katikati ya maghorofa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, kila chumba na familia yake, na uani choo na bafu vya wote.

Kwanza hukagua vyumba. Je, dirisha linafunguka, au limezibwa na marobota ya biashara? Wanalala wangapi humo? Haulizi kwa udaku. Vijidudu vya kifua kikuu hukaa hewani katika chumba kisichopitisha hewa. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Katika vituo vya serikali dawa za ugonjwa huo hutolewa bure. Hutazama pia jiko la mkaa. Lisiachwe likiwaka chumbani usiku, kwani sumu yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Pili hukagua choo na karo. Shimo lina mfuniko? Pana maji na sabuni ya kunawia? Karo limejaa? Wapo wanaongoja mvua ya masika ili watapishe choo, uchafu uende na maji. Uchafu huo huishia mlangoni kwa jirani. Kipindupindu, kilicholisumbua jiji letu kuanzia Agosti 2015, hupenda njia hiyo.

Tatu hukagua maji. Humulika tochi ndani ya pipa, simtanki, matairi na vifuu, akitafuta viluwiluwi vya mbu. Mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji kama hayo karibu na watu. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake hunata ukutani mwa pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi: kila wiki sugua kuta za pipa kwa brashi, kisha lifunike vizuri.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kuamuru kero iondolewe. Hapo ndipo mpangaji anapopata msaada. Akilalamika peke yake kwamba karo limejaa, huenda akaambiwa ahame. Bwana afya akiandika, linakuwa agizo la kisheria kwa mwenye nyumba.

Sisi wenyewe tunakiri kwamba tumewahi kumkaribisha sebuleni na kumficha uani. Yeye aliondoka salama. Mbu walibaki na watoto wetu.

Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zisingoje hodi yake. Jumamosi moja, baada ya sala, tupite nyumba kwa nyumba: dirisha, choo, pipa. Na atakapokuja, tumfungulie mlango wa uani kwanza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.