Kwa nini tumbawe la nyumbani hujikunja?

Anayefuga matumbawe katika tangi la kioo nyumbani, awe London, Muscat au Dar es Salaam, hutazama jambo moja kabla ya mengine yote kila asubuhi: je, yamefunguka au yamejikunja?

Swali hilo si dogo. Tumbawe halina sauti, wala haliwezi kuhama mahali pasipolifaa. Namna linavyokunjua na kukunja minyiri yake ni miongoni mwa dalili chache zinazoonyesha hali yake, na mfugaji anayezisoma vibaya aweza kuliua huku akidhani analiponya.

Mnyama, si jiwe

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walilihesabu tumbawe kuwa mmea au jiwe. Katika miaka ya 1720 tabibu wa Kifaransa, Jean-André Peyssonnel, alieleza kuwa yale yaliyoitwa maua ya marijani ni wanyama. Wenzake hawakumkubali mara moja, lakini ukweli ulikuwa upande wake.

Kile tunachokiita tumbawe kwa kawaida ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaoitwa polipi, ambao ni jamaa wa konyeza. Kila polipi ni kama mfuko wenye tundu moja juu. Tundu hilo ndilo kinywa, na ndilo pia njia ya kutolea taka. Limezungukwa na minyiri yenye chembe za kuchoma, ambazo humsaidia kunasa chakula na kujilinda.

Katika matumbawe magumu, polipi hujenga kikombe cha chokaa chini yake na kujificha humo panapotokea hatari.

Polipi hana ubongo. Ana mtandao wa neva uliosambaa mwilini. Hufunguka kwa kujaza maji katika mfuko wake, na hujikunja kwa kukaza misuli na kuyatoa maji hayo. Ndiyo maana hujikunja kwa ghafla, ilhali kufunguka huchukua muda. Katika aina nyingi, polipi mmoja akiguswa, jirani zake nao hujikunja.

Njia mbili za kula

Ili kuelewa tabia hiyo, hatuna budi kujua polipi anavyopata riziki yake.

Matumbawe mengi yanayofugwa majumbani hubeba ndani ya nyama yao mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Kwa hiyo, taa zinapowaka, tumbawe hutandaza nyama yake ili mwani upate mwanga.

Njia ya pili ni kuwinda. Baharini, viumbe wadogo wanaoelea hupanda juu usiku, na polipi wa aina nyingi hutoa minyiri yao wakati huo. Mfugaji anayetazama tangi lake mchana tu aweza kudhani tumbawe lake ni gonjwa, kumbe linangoja giza.

Aina ya Tubastraea, kwa mfano, haina mwani mwilini. Hutegemea chakula inachokinasa, na bila kulishwa hudhoofika hata ikiwa maji ni safi kabisa. Goniopora, kinyume chake, hurefusha polipi wake mchana.

Wapo pia wanaofungua na kufumba minyiri yao mfululizo kama kiganja cha mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu jamii hiyo katika Bahari ya Shamu ulionyesha kuwa mwendo huo husukuma maji na kuondoa oksijeni iliyozidi, hivyo kuusaidia mwani kufanya kazi yake vizuri zaidi.

Polipi hufuata hata majira. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Horniman mjini London lilifaulu kuyafanya matumbawe yatage ndani ya matangi yake kwa kuiga joto la misimu, urefu wa siku na mwanga wa mwezi.

Kujikunja si ugonjwa daima

Sababu za kujikunja ni nyingi, na baadhi hazina madhara. Samaki au kamba aweza kuwa amepita juu ya tumbawe. Mchanga waweza kuwa umeliangukia. Tumbawe lililohamishwa jana laweza kuhitaji siku kadhaa kuzoea taa na mkondo mpya.

Matumbawe laini ya jamii ya Sarcophyton hujifunga kwa siku kadhaa, hung'aa kama yaliyopakwa nta, kisha huambua utando wa juu na kufunguka tena. Hiyo ni njia yao ya kujisafisha.

Ujirani mbaya nao ni chanzo. Aina kama Galaxea na Euphyllia hutoa minyiri mirefu ya vita, hasa usiku, na kumchoma jirani. Anayejikunja kila asubuhi upande mmoja tu huenda amepigwa usiku. Dawa yake ni kuwatenganisha.

Dalili za hatari

Hali ni tofauti pale tumbawe linapobaki limejikunja kwa siku nyingi huku nyama ikibanduka na kuacha chokaa tupu, ute wa kahawia ukitanda juu yake, vinywa vikiachama, au rangi ikififia.

Hapo kitu cha kwanza ni kupima, si kutia dawa. Matangi mengi huwekwa kati ya nyuzi joto 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kiwango cha alkali, ambacho tumbawe hukihitaji kujengea chokaa, hakipaswi kupanda na kushuka. Pampu ya kuzungusha maji nayo ikaguliwe.

Kosa la kawaida ni kubadili kila kitu kwa siku moja: taa, maji, mahali na chakula. Mabadiliko ya ghafla ni adha nyingine kwa mnyama ambaye tayari amechoka. Ni heri kurekebisha jambo moja, kisha kungoja na kutazama.

Joto ndilo la kuogopwa zaidi. Katika nchi za Ghuba, kiyoyozi kikizimika siku ya kiangazi, maji ya tangi hupata joto upesi. Tumbawe huutoa mwani wake, hupauka, na lisipopoa mapema hufa kwa njaa.

Ndivyo ilivyotokea baharini mwaka 1998, wakati joto lililoambatana na El Niño lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe katika Bahari ya Hindi ya magharibi, yakiwemo ya pwani ya Kenya, Tanzania na Ushelisheli.

Tahadhari kwa mfugaji

Baadhi ya zoanthidi, jamaa wa karibu wa matumbawe, wana sumu kali iitwayo palitoksini. Wanapojifunga, mtu asiwasugue, asiwamwagie maji ya moto wala kuchemsha jiwe walilokalia, kwani mvuke wake waweza kumdhuru kila aliye chumbani. Mwaka 2018 watu wa familia moja katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza, walipelekwa hospitalini baada ya kusafisha tangi lao.

Aidha, biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo haifai kuyabeba kutoka pwani na kuyapeleka ughaibuni. Vipande vilivyokuzwa tangini hupatikana kwa wafugaji wengine, na mara nyingi huyazoea maisha ya kiooni kwa urahisi zaidi kuliko vile vilivyong'olewa baharini.