Unga wa Pampasi: Kunywa Maji Unajua, Kuoza Haujui

Chukua pampasi mpya, ichane, kung'uta pamba yake juu ya karatasi. Zitadondoka punje nyeupe kama chumvi. Zitie kwenye glasi, mimina maji. Baada ya dakika chache ni jeli tupu. Hata ukipindua glasi haimwagiki. Sasa nyunyizia chumvi ya mezani ukoroge. Jeli inalegea na maji yanarudi! (Usiimwage kwenye sinki, itaziba bomba.)

Punje hizo ni polima iitwayo sodiamu poliakrilati: minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa hapa na pale kama wavu. Kila mnyororo umejaa chaji hasi, na kando yake zipo ayoni za sodiamu. Maji yakiingia, chaji zinasukumana na wavu unatanuka. Halafu, kwa kuwa ayoni ni nyingi ndani kuliko nje, osmosisi inazidi kuvuta maji. Katika maji yasiyo na chumvi, gramu 1 hunywa mamia ya gramu. Kwenye mkojo, wenye chumvi, ni makumi tu.

Shida ni kwamba uti wa mnyororo huo ni kaboni kwa kaboni, na bakteria wa udongoni hawana njia rahisi ya kuukata. Pampasi ikitupwa, unga unabaki.

Basi si tutumie selulosi ya mimea? Ndiyo, watafiti wengi wako huko. Huibadili kuwa kaboksimethili selulosi, ambayo imo hata kwenye dawa ya meno, kisha huifunga kwa asidi ya sitriki, ile ya ndimu. Uti wake ni sukari zilizoungana, na vijidudu wanajua kuzila.

Hapo sasa ndipo kazi ilipo. Ili ivimbe sana inahitaji chaji nyingi, lakini kadiri unavyozipachika ndivyo vimeng'enya vinavyokosa pa kushika. Ukikaza mafundo ya wavu, inavimba kidogo. Ukiyalegeza, inageuka uji.

Na neno "inaoza" tulisome kwa makini. Miaka ya 1970, maabara ya serikali ya Marekani huko Peoria, Illinois, ilitoa "Super Slurper", wanga wa mahindi uliopandikizwa polima ya viwandani. Wanga unaoza, sawa. Ile minyororo iliyopandikizwa ni kaboni kwa kaboni vilevile. Kwa hiyo ukikutana na tangazo, uliza: kinachooza ni kipande gani, kwenye udongo upi, na kwa muda gani? Pampasi inatakiwa idumu usiku mmoja tu, ila mkulima anayechanganya jeli na udongo anataka imfikishe mwisho wa msimu.